Kadi ikichomolewa ghafla: ulinganisho wa njia za kulinda draiva dhidi ya makatizo

Kadi ya upanuzi ya laptopu inatofautiana na vifaa vilivyofungwa ndani ya mashine kwa jambo moja kubwa: mwenye mashine anaweza kuichomoa wakati wowote, hata data ikiwa bado njiani. Draiva, yaani programu inayoendesha kifaa, ikiandikwa kwa imani kwamba kifaa kipo siku zote hukwama papo hapo, na mara nyingi huiburuta mashine nzima. Skrini inaganda, kipanya hakisogei, sauti iliyokuwa ikipigwa inarudia kipande kilekile, na hakuna la kufanya ila kuzima umeme kwa nguvu. Anayelaumiwa ni aliyechomoa kadi. Naona lawama hiyo haimstahili. Sloti ilitengenezwa ili kadi itolewe, kwa hiyo wajibu wa kuvumilia ni wa draiva.

Njia za kuvumilia zipo kadhaa, na wanaozitumia huzichanganya kana kwamba zinafanya kazi moja. Nimezilinganisha hapa kwa ajili ya mtu anayeandika draiva mpya, au aliyerithi ya zamani na anataka kujua aanzie wapi. Msimamo wangu nautanguliza: ulinzi wa kwanza uwe ndani ya kipokezi cha katizo chenyewe (katizo ni ishara ya kifaa ya kuiita prosesa, na kipokezi ni sehemu ya draiva inayoijibu), kwenye thamani inayosomwa kutoka kwenye kadi, kwa sababu taarifa ya kuchomolewa haiwahi kufika kabla kipokezi hakijaitwa. Njia nyingine zote zinaongezwa juu ya hiyo.

Kadi inapotoka, hatua kwa hatua

Chukua kadi ya mtandao ya CardBus, aina ya kadi ya upanuzi ya laptopu za zamani, ndani ya laptopu yenye Linux. Sloti yake ina pini 68, na urefu wake haulingani. Pini za umeme na za ardhi ndizo ndefu zaidi. Pini mbili za kutambua kadi, namba 36 na namba 67, ndizo fupi kuliko zote, na zimewekwa karibu na pande mbili za mwisho za kiunganishi. Mpangilio huo ni wa makusudi: kadi ikianza kutoka, hizi mbili huachia kwanza, umeme ukiwa bado upo. Daraja linalodhibiti sloti linaona mabadiliko na kutoa katizo lake lenyewe, la kusema hali ya sloti imebadilika.

Hapa ndipo matatizo yanapoanzia. Kwenye laptopu nyingi, katizo la daraja na katizo la kadi hupita kwenye laini moja ya PCI, njia inayounganisha vifaa na prosesa. Laini ya pamoja ni kama kengele moja ya nyumba yenye wapangaji wengi: ikilia, kila mmoja hutoka kuangalia kama mgeni ni wake. Linux huviita vipokezi vya laini hiyo kwa mpangilio wa kusajiliwa, na daraja lilisajiliwa kwanza, maana bila daraja kadi isingeonekana. Kipokezi cha daraja (draiva yake ni yenta_socket) kinaandika tukio, kinaamsha uzi wa kerneli (mtiririko wa kazi unaosubiri zamu ndani ya moyo wa Linux) uitwao pccardd, kinarudi. Uzi huo ndio utakaoing'oa draiva ya kadi kwa utaratibu, lakini hauwezi kukimbia sasa hivi, kwa kuwa tumo bado ndani ya katizo.

Katika mzunguko uleule, kipokezi cha kadi nacho kinaitwa. Hakuna aliyekiambia lolote. Kinasoma rejista ya hali, nafasi ndani ya kadi inayoeleza kilichotokea. Upande wa pili hakuna wa kujibu, na njia ya PCI hurudisha biti zote zikiwa moja: 0xFFFFFFFF. Ukiisoma thamani hiyo kwa macho ya draiva, inasema pakiti imefika, pakiti nyingine imetumwa, kuna hitilafu, na kihesabu kimejaa, yote kwa pamoja. Draiva inashughulikia kila kimoja, inaandika jibu la kukiri ambalo linapotea hewani, kisha inasoma tena kuona kama kuna lililobaki. Inapata 0xFFFFFFFF. Kitanzi cha `while (hali & barakoa)`, ambapo barakoa huchuja biti zinazoihusu draiva, hakina siku kitakapoisha.

Makatizo yamezimwa kwenye prosesa hiyo wakati kipokezi kinazunguka. Kama mashine ina kiini kimoja, pccardd aliyebeba habari ya kuchomolewa hapati zamu kamwe. Kama ina viini vingi, kiini kimoja kinaungua bure, na uzi unaojaribu kuondoa draiva unakisubiri kipokezi kimalize, jambo ambalo halitatokea.

Kila njia nitakayoitaja naipima kwa swali moja: inasaidia nini katika sehemu hiyo ndogo ya sekunde, kati ya pini fupi kuachia na pccardd kuamka?

Aina ya sloti inabadilisha hatari

Kadi za PC Card za biti 16, zilizoanza na kiwango cha PCMCIA cha mwaka 1990, zilirithi tabia ya ISA, njia ya vifaa iliyotangulia PCI. Katizo lake hutambuliwa kwa ukingo, yaani kwa kubadilika kwa umeme wa laini, na kwa kawaida kadi hupewa laini yake peke yake. Kuchomoa kunaweza kutikisa laini na kuzaa katizo la uongo. Kidhibiti cha zamani cha 8259 kina desturi yake kwa hali hiyo: ombi likitoweka kabla ya kukiriwa, prosesa hupokea IRQ 7 (laini ya katizo namba 7), au IRQ 15 kwa kidhibiti cha pili. Ukiona IRQ 7 ikihesabiwa bila kifaa chochote kuwa juu yake, hapo ndipo pa kuanzia kuchunguza. Lakini usijiaminishe kwamba kadi ya biti 16 haitawahi kushirikiana laini na kifaa kingine. Madaraja mengi ya CardBus hayakuunganishwa na laini za ISA hata moja, na yenta_socket hulazimika kupitisha katizo la kadi ya biti 16 kwenye laini ya PCI. Draiva iliyoandikwa kwa ISA inajikuta ugenini.

CardBus, ya mwaka 1995, ndiyo ngumu kuliko zote kwa upande huu: biti 32, katizo la kiwango (hubaki likiita hadi kifaa kiliondoe), laini ya pamoja. Hadithi niliyoieleza juu ni yake.

ExpressCard ilikuja mwaka 2003 ikiwa na PCI Express ya njia moja na USB 2.0 ndani ya sloti moja, na Thunderbolt ikafuata mwaka 2011 kwa kupitisha PCI Express ndani ya kebo. Huku kuna makatizo ya ujumbe, MSI na MSI-X, nami nitayafikia, maana yanaondoa nusu ya tatizo na kuacha nusu nyingine ambayo watu huisahau.

Njia ya kwanza: kuomba ruhusa kabla ya kutoa

Mtumiaji anaijulisha mashine kwanza. Kwenye Linux ni `pccardctl eject` kwa PC Card, au kuandika 1 kwenye faili la `remove` la kifaa ndani ya /sys kwa PCI. Windows ina kitufe chake cha kuondoa kifaa kwa usalama. Draiva inapata muda wa kunyamazisha kadi ikiwa bado ipo, inaachia katizo, kisha, kwa PC Card, sloti inakatwa umeme.

Ni njia safi, na mtumiaji azoeshwe kuitumia, hasa kwa kadi zenye hifadhi ambapo data isiyoandikwa inaweza kupotea. Kama ulinzi wa draiva, siipi alama yoyote. Kadi hulegea mashine ikibebwa, watoto hubonyeza kitufe cha kutoa, kebo ya Thunderbolt hunaswa na mguu. Draiva inayotegemea adabu ya mtumiaji haijalindwa.

Njia ya pili: kukagua biti zote moja

Hii ndiyo ninayoipendekeza iwe ya kwanza kwa kila draiva ya kadi inayochomoleka. Kila usomapo rejista ya hali ndani ya kipokezi, uliza: je, biti zote ni moja? Kama ndiyo, toka. Draiva za Linux zinazoheshimika zimefanya hivyo miaka mingi. Ile ya 8139too hulinganisha hali na 0xFFFF na kuacha kazi, ikiwa na maelezo kwenye msimbo kwamba huenda kifaa hakipo tena. Ile ya e100 ina jina kabisa kwa ajili ya hali hiyo, `stat_ack_not_present`, yenye thamani 0xFF.

Ubora wake ni kwamba ushahidi unatoka kwenye kadi yenyewe, wakati uleule. Haingoji uzi, haingoji daraja, haijali aina ya mfumo endeshi. Kadi ikichomolewa kati ya usomaji wa kwanza na wa pili, usomaji wa pili utaiambia draiva. Hakuna njia nyingine katika orodha hii inayoweza kusema hivyo.

Ina masharti matatu, nayo yanastahili kuzingatiwa.

La kwanza ni rejista ipi. Chagua ile ambayo maana yake halali haiwezi kuwa biti zote moja, yaani yenye angalau biti moja ambayo maunzi hushikilia sifuri siku zote. Kama kifaa chako hakina rejista ya namna hiyo, unaweza kusoma kitambulisho cha mtengenezaji kwenye nafasi ya usanidi ya PCI, ambako 0xFFFF si namba halali ya mtengenezaji yeyote. Ndivyo `pci_device_is_present()` inavyofanya. Lakini usomaji huo ni wa polepole, kwa hiyo utumie pale tu thamani ya kwanza inapotia shaka.

La pili ni kwamba biti zote moja hazina maana moja kwa kila kifaa. Chipu ya mlango wa mfululizo ya 16550 ni mfano mzuri. Katika rejista yake ya utambuzi wa katizo, biti ya kwanza ikiwa moja maana yake ni "hakuna katizo linalongoja". Kwa hiyo 0xFF hapo inaitoa draiva salama bila mwandishi kufikiria lolote. Lakini rejista ya hali ya laini iko kinyume: biti ya kwanza ikiwa moja inasema kuna herufi ya kusomwa. Kama kadi ya modemu imechomolewa draiva ikiwa tayari ndani ya kitanzi cha kupokea, itasoma herufi za 0xFF bila kikomo. Kifaa kimoja, thamani ileile, rejista mbili, matokeo mawili yanayopingana. Ndiyo maana ukaguzi lazima uwe ndani ya kila kitanzi kinachosoma kutoka kwenye kadi, siyo mlangoni pa kipokezi peke yake.

La tatu ni urefu. Kadi nyingi za biti 16 hutoa pakiti kwa kusomwa neno kwa neno, na urefu wa pakiti husomwa kutoka kwenye kadi hiyohiyo. Kadi ikiwa haipo, urefu ni 0xFFFF, yaani baiti 65,535. Draiva ikimimina kiasi hicho kwenye nafasi iliyotengwa kwa fremu moja ya Ethernet, imeharibu kumbukumbu ya kerneli, na mashine itaanguka dakika kadhaa baadaye mahali pasipohusiana kabisa na kadi. Makosa ya namna hii ndiyo yanayowatesa watu zaidi, kwa sababu alama zake zinaelekeza kwingine. Pima urefu kabla ya kuutumia, bila kujali umekagua nini hapo awali.

Thamani ya kurudisha nayo ina uzito. Ukigundua kadi haipo, rudisha `IRQ_NONE` (katizo si langu), siyo `IRQ_HANDLED` (nimelishughulikia). Linux huhesabu: kati ya makatizo 100,000 ya laini moja, kama zaidi ya 99,900 hayakushughulikiwa na yeyote, kerneli huandika "nobody cared" na kuifunga laini. Ni kinga ya mwisho dhidi ya laini iliyokwama. Draiva inayodai imeshughulikia katizo ambalo si lake huizima kinga hiyo.

Njia ya tatu: bendera ya "imeondoka"

Hapa msimbo wa sloti huweka alama kwenye muundo wa kifaa mara tu unapojua kadi imetoka, na kipokezi huitazama alama hiyo kabla ya kugusa maunzi. Draiva za PCMCIA za mtandao kwenye Linux hutumia `netif_device_present()` kwa kazi hii. Pciehp, inayosimamia sloti za PCI Express, huvitia vifaa vyote vilivyo chini ya sloti alama kwamba vimekatika, pale inapogundua vimeondolewa ghafla.

Uzuri wake ni kasi na upana. Kusoma bendera ni kusoma kumbukumbu, hakuna kusubiri njia ya PCI, na sehemu zote za draiva zinaweza kuitazama: vipima muda, maombi ya mtumiaji, kazi za nyuma. Ubovu wake umeshaonekana katika simulizi la juu. Anayeiweka bendera ni uzi, na uzi huamka baada ya kipokezi. Windows ina hali hiyohiyo: `IRP_MN_SURPRISE_REMOVAL`, iliyokuja na Windows 2000, huletwa kwa draiva katika kiwango cha chini kabisa cha kipaumbele, wakati kipokezi cha katizo hukimbia juu zaidi. Windows 98 na Me hazikuituma hata hiyo. Draiva ilipokea amri ya kuondolewa moja kwa moja.

NetBSD ilikwenda mbali zaidi kwa kuwa na hatua maalumu, `DVACT_DEACTIVATE`, ambayo msimbo wa sloti unaweza kuiita ukiwa ndani ya katizo, kabla uzi wa kung'oa haujaamka. Napenda mpango huo kuliko ule wa Linux, kwa sababu unaifupisha ile nafasi ya hatari. Hauimalizi, kwa kuwa kadi bado inaweza kutoka kipokezi chake kikiwa tayari kinakimbia kwenye kiini kingine.

Tumia bendera, basi, kwa kila kitu kilicho nje ya kipokezi. Ndani ya kipokezi iwe msaidizi wa njia ya pili.

Njia ya nne: kikomo cha mizunguko

Draiva huhesabu imezunguka mara ngapi na kukata tamaa ikifika namba fulani. Draiva ya 3c589_cs hukubali mizunguko kumi hivi, kisha huandika kwamba kuna kitanzi kisicho na mwisho ndani ya katizo. Draiva ya milango ya mfululizo nayo kwa miaka mingi ilikuwa na ujumbe uliojulikana, "too much work for irq".

Kikomo kinaiokoa mashine isigande, na hilo si jambo dogo. Lakini linganisha na njia ya pili: kabla ya kufika kikomo, draiva imeshaamini takataka mara kumi. Imehesabu pakiti ambazo hazikuwepo, labda imejaribu kunakili baiti 65,535. Kikomo kinazuia kuganda, hakizuii kuharibu. Kiweke, na kiwe na ujumbe kwenye kumbukumbu za mfumo ili ajaye ajue, ila kisisimame peke yake.

Njia ya tano: kufunga laini nzima

Wengine huita `disable_irq()`, inayofunga laini ya katizo, mara tu wanapoona dalili ya kuchomolewa. Kama laini ni ya kadi peke yake, inafaa. Kama ni ya pamoja, umefunga pia diski, USB au picha, chochote kilichokaa hapo, na daraja la sloti lenyewe. Taarifa ya kuchomolewa uliyokuwa ukiingoja ndiyo uliyoizuia.

Hatari nyingine ni mkwamo. `disable_irq()` hungoja kipokezi kinachokimbia kimalize. Ukiiita huku umeshika kufuli (kizuizi kinachoruhusu mmoja tu kugusa data kwa wakati mmoja) ambayo kipokezi nacho kinaihitaji, kila mmoja anamngoja mwenzake milele. Ukiiita ndani ya kipokezi chenyewe, unajingoja mwenyewe. Kwa hali hiyo ipo `disable_irq_nosync()`, isiyongoja. Kwa kadi zinazochomoleka, ushauri wangu ni kutoitumia njia hii kabisa. Nyamazisha kifaa, usinyamazishe laini.

Njia ya sita: kuhamishia kazi kwenye uzi

Tangu kerneli 2.6.30 ya mwaka 2009, Linux ina `request_threaded_irq()`. Kipokezi kifupi kinauliza tu kama katizo ni lake, na kazi yenyewe inafanywa na uzi unaoweza kulala na kushika kufuli za kawaida. Inavutia, na kuna wanaodhani inamaliza tatizo la kuchomolewa. Haimalizi. Kitanzi kisicho na mwisho ndani ya uzi hakigandishi prosesa kama zamani, lakini kwa alama ya `IRQF_ONESHOT` laini hubaki imefungwa hadi uzi umalize. Vifaa vingine kwenye laini hiyo vinanyamaza pamoja na kadi iliyoondoka. Ichague kwa sababu ya usafi wa msimbo, na uweke ukaguzi wa biti zote moja kama kawaida.

Kusoma kwa vipindi bila makatizo, au mseto kama NAPI ya kadi za mtandao, ni hivyohivyo: kazi inahama, usomaji unabaki, na ukaguzi unahama nao.

Njia ya saba: MSI badala ya laini

Kama kadi ni ya PCI Express na una uhuru wa kuchagua, chagua MSI au MSI-X. MSI iliingia na PCI 2.2 mwaka 1998. Kifaa hakivuti laini, bali huandika ujumbe mfupi kwenye anwani maalumu ya kumbukumbu. MSI inaruhusu hadi ujumbe 32 tofauti kwa kifaa kimoja, MSI-X hadi 2,048. Kadi isiyokuwepo haiwezi kuandika ujumbe, na hakuna kifaa kingine kinachogonga mlango wako kwa bahati mbaya. Ile hali ya kipokezi kuamshwa na katizo la daraja inakwisha kabisa.

Kinachobaki ni mambo mawili. Ujumbe uliotumwa kabla kadi haijatoka bado unaweza kufikishwa baada ya kutoka, kwa hiyo kipokezi kitaitwa mara ya mwisho kadi ikiwa haipo. Na kadi inaweza kutoka katikati ya kipokezi. Katika hali zote mbili usomaji utafanyika, na hapa PCI Express ina gharama ambayo CardBus haikuwa nayo. Kabla mlango haujatambua kwamba kiungo kimekatika, usomaji hungoja jibu hadi muda uishe, na muda wa kawaida kwa kiwango cha PCI Express ni kati ya mikrosekunde 50 na milisekunde 50. Draiva yenye kikomo cha mizunguko 20 na isiyokagua thamani inaweza kushikilia prosesa sekunde nzima. Hii ndiyo ile nusu ya tatizo inayosahaulika: MSI inapunguza idadi ya mara utakazoitwa bila kadi, lakini kila usomaji wa bure umekuwa ghali zaidi. Toka kwenye thamani ya kwanza yenye biti zote moja.

Kwa jedwali

| Njia | Inazuia | Haizuii |
|---|---|---|
| Kuomba ruhusa | Upotevu wa data | Kuchomoa ghafla |
| Biti zote moja | Kitanzi, hata kadi ikitoka katikati | Rejista isiyo na biti ya sifuri |
| Bendera | Kazi zilizo nje ya kipokezi | Katizo linalowahi kabla ya uzi |
| Kikomo | Kuganda | Kuamini takataka |
| Kufunga laini | Katizo la kadi yenye laini yake | Madhara kwa majirani |
| Uzi | Kugandisha prosesa | Laini kubaki imefungwa |
| MSI | Kuamshwa na majirani | Usomaji mrefu, ujumbe ulio njiani |

Mchanganyiko ninaoutumia

Kwa draiva ya kawaida, kipokezi hukaa hivi:

```c
static irqreturn_t kadi_katizo(int irq, void *data)
{
    struct kadi *k = data;
    int zamu = 0, kazi = 0;
    u32 hali;

    do {
        hali = ioread32(k->regs + HALI);
        if (hali == ~0U)                    /* kadi haipo */
            break;
        hali &= k->ruhusa;
        if (!hali)                          /* si langu */
            break;
        iowrite32(hali, k->regs + HALI);    /* kukiri */
        kadi_hudumia(k, hali);
        kazi = 1;
    } while (++zamu < 20);

    return IRQ_RETVAL(kazi);
}
```

Angalia kwamba ukaguzi unatangulia barakoa. Ukiweka barakoa kwanza, 0xFFFFFFFF inageuka kuwa thamani ya kawaida kabisa na huwezi tena kuitambua. Kosa hili ni rahisi kulifanya na gumu kuliona, kwa sababu msimbo unasomeka vizuri.

Upande wa kung'oa draiva, mpangilio una uzito sawa na kipokezi. Weka bendera. Simamisha foleni za kazi mpya. Andika amri ya kuzima makatizo kwenye kadi. Kama haipo, maandishi yanapotea bila madhara. Kisha `free_irq()`, inayoliachia katizo na kungoja kipokezi kimalize kwenye kila kiini. Baada ya hapo ndipo vipima muda na kazi za nyuma zifutwe kwa namna inayongoja zimalize, maana kipokezi kilikuwa na uwezo wa kuzianzisha upya. Ramani ya rejista na kumbukumbu ya muundo ziachiwe mwisho kabisa. Ukiondoa ramani ya rejista kabla ya `free_irq()`, katizo la jirani kwenye laini ya pamoja litakiita kipokezi chako, nacho kitasoma anwani isiyokuwepo, na kerneli itaanguka.

Mtego wa siku hizi ni `devm_request_irq()`. Inapendwa kwa kuwa inajisafisha yenyewe, lakini usafi huo hufanyika baada ya `remove()`, kazi ya kung'oa draiva, kurudi. Kama ndani ya `remove()` umeachia kumbukumbu kwa mkono, kuna muda ambao kipokezi kiko hai na kumbukumbu yake imekwenda. Ama rasilimali zote ziwe za devm (zinazojiachia zenyewe), ama katizo liachiwe kwa mkono mahali pake.

Kwa kadi ya biti 16 kwenye mashine ya zamani: biti zote moja, kikomo, na upimaji wa urefu, kwa mkazo wa huo wa mwisho. Kwa CardBus: biti zote moja na `IRQ_NONE` ndivyo visivyokosekana, na chukulia laini ni ya pamoja hata kama kwenye mashine yako siyo. Kwa ExpressCard na Thunderbolt: MSI, kuacha kazi mara usomaji wa kwanza unaporudisha biti zote moja, na bendera ya mfumo kwa sehemu nyingine za draiva ili zisiendelee kusoma kadi iliyoondoka.

Kupima si lazima uanze kwa kuchomoa. Washa `CONFIG_DEBUG_SHIRQ` unapojenga kerneli: kwa laini za pamoja, kerneli itakiita kipokezi chako mara moja zaidi wakati wa `free_irq()`, na draiva yenye mpangilio mbaya itajionyesha kwenye meza yako kabla haijafika kwa mtumiaji. Ikipita hapo, ndipo uijaze kadi kazi, faili kubwa ikipita kwa kasi yote, na uichomoe. Rudia mara nyingi, kwa sababu nafasi unayoitafuta ni ya mikrosekunde, kisha soma `dmesg`, kumbukumbu za kerneli, uone ni kinga ipi iliyofanya kazi. Ukikuta kikomo cha mizunguko ndicho kilichokuokoa, rudi kwenye msimbo: kuna kitanzi mahali fulani kinachosoma kadi bila kuuliza kama ipo.